Uso wa Kuazima na Koti la Nathaniel

Odeta Ndalahwa alibatizwa Jumapili ya tarehe 10 Machi 1968, akiwa na wiki tano, na katika daftari la parokia ya kwao Nyanguge, wilaya ya Magu, jina la baba yake limefuatwa na msalaba mdogo wa wino. Msalaba huo maana yake ni marehemu. Ndalahwa, mkulima wa pamba na mfugaji, alikufa kwa homa miezi mitatu kabla binti yake hajazaliwa.

Kwa hiyo sura ya baba yake Odeta aliijua kutoka kwenye picha moja tu: ya rangi, iliyochorwa kwa brashi juu ya ubao mwembamba, upana sentimita arobaini na moja, urefu hamsini na sita. Vipimo hivyo alivichukua mwenyewe. Odeta ni fundi cherehani wa Mkuyuni, na kitu asichokipima hukihesabu kuwa bado hajakiona.

Picha ilitoka kwa mama yake, Ng'washi, aliyempa miaka sita kabla ya kufariki mwaka 2009. Inaonyesha mwanamume wa makamo aliyevaa koti jeusi na shati jeupe, kichwa kimeinama kidogo kushoto, mdomo umefunguka kama mtu aliyekatizwa katikati ya maneno. Ndani ya mdomo, ufizi wa chini ni mtupu. Meno ya mbele hayapo. Familia ina maelezo ya hilo na hakuna aliyewahi kuyatilia shaka: Ndalahwa akiwa kijana alipigwa teke na ng'ombe.

Miaka ishirini na mbili picha hiyo imening'inia kwenye chumba cha kazi, juu ya cherehani ya Odeta. Kila asubuhi akifungua mlango humwamkia: "Shikamoo baba." Na kila asubuhi Rebeka, fundi mwenzake wanayechangia naye chumba hicho, huitikia kwa sauti nzito ya kiume: "Marahaba mwanangu, chai iko wapi?"

Mwezi Aprili mwaka huu, wa 2025, ukoo ulikaa Nyanguge ukakubaliana kulijenga kaburi la Ndalahwa. Lingesakafiwa, lingewekwa vigae, na kichwani lingebandikwa kigae chenye picha yake, kama makaburi ya siku hizi. Misa ya kumbukumbu ilipangwa tarehe 13 Septemba. Picha ilikuwa moja na ilikuwa kwa Odeta, basi kazi ya kigae akapewa yeye. Fundi wa vigae alimwambia ailete kabla Agosti haijaisha.

Katika wiki ya pili ya Juni aliingia mteja mpya. Truphosa Ojuok, mwalimu mstaafu wa miaka sitini na tatu kutoka Rorya, mkoa wa Mara, alikuwa amekuja kukaa kwa binti yake Mkuyuni na alitaka gauni la harusi ya mpwa wake. Odeta alimsimamisha katikati ya chumba, futi begani.

"Mwalimu, usivute tumbo," alimwambia. "Ukilificha leo, siku ya harusi gauni litakutangaza."

Truphosa alikuwa anatazama ukutani.

"Yawa! Huyu mmempata wapi?"

"Huyo baba yangu."

"Baba yako yupi?"

"Baba ninaye mmoja. Ndalahwa."

"Mdogo wangu, huyu ni Ojuok. Babu yangu mzaa baba. Nimelelewa naye mpaka nimeanza darasa la tano."

Rebeka alisimamisha cherehani yake. "Mwalimu, labda miwani imechoka."

"Miwani iko kwenye pochi. Sijavaa, na bado namjua." Alisogea, akanyoosha kidole kwenye ule ufizi mtupu. "Baba yako alikuwa kabila gani?"

"Msukuma."

"Sasa Msukuma huu mdomo aliupata wapi?"

Wazee wa Kijaluo wa kizazi cha Ojuok waling'olewa meno sita ya mbele ya chini walipofikia ujana. Ilikuwa alama ya kabila, na mtu wa kandokando ya ziwa akiona ufizi kama huo hahitaji kuuliza mwenyewe ametoka wapi. Truphosa alieleza hayo kwa utulivu wa mwalimu. Odeta naye akaeleza habari ya teke la ng'ombe.

Truphosa alimsikiliza hadi mwisho. "Basi huyo ng'ombe alikuwa Mjaluo," alisema.

Walicheka wote watatu, Odeta akiwa wa mwisho kuanza na wa kwanza kunyamaza.

Jioni hiyo Truphosa alimpigia simu kaka yake, Okech, anayeishi kwenye nyumba ya wazazi wao karibu na Shirati. Okech alipiga picha ubao uliokuwa sebuleni kwake na kuituma. Asubuhi Truphosa alirudi na simu mkononi. Ulikuwa uso uleule, umeinama upande uleule, umevaa koti lilelile. Mdomo ulikuwa umekatizwa kwenye neno lilelile.

Rebeka alisema watu hufanana. Odeta hakutazama uso. Alitazama koti. Katika koti la mwanamume, ubavu wa kushoto hupita juu ya ubavu wa kulia. La mwanamke ni kinyume. Koti la picha yake lilifungwa kike, na kwa miaka yote alikuwa amelisamehe kama kosa la mchoraji ambaye hakuwahi kushona. Koti la kwenye simu lilikuwa na kosa hilohilo, na kifungo cha tatu kilining'inia vilevile.

"Watu wawili wanaweza kufanana," alisema. "Makosa mawili hayafanani. Moja limenakiliwa kwa lingine."

Kesho yake alifungua chumba, akakaa, akatia uzi kwenye sindano bila kutazama juu. Rebeka alisubiri.

"Leo mzee haamkiwi?"

"Nitamwamkia nikishamjua."

Hesabu yake ilikuwa rahisi na mbaya. Kama ubao wa Rorya ni wa Ojuok, na wake ni nakala ya huo, basi kwa miaka ishirini na mbili amemwamkia babu wa watu. Mwezi Septemba angebandika uso wa mgeni juu ya kaburi la baba yake. Na akiuondoa, hana mwingine. Mtu wa mwisho aliyewahi kumwona Ndalahwa kwa macho, shangazi yake Odeta, alifariki mwaka 2016. Shangazi huyo kila alipoitazama picha alikuwa na neno moja tu: koti hilo hakuwahi kumwona nalo.

Binamu zake wa Nyanguge walimshauri asijisumbue. Mmoja alisema kwenye simu kwamba watu waliokufa zamani wote hufanana. Odeta alimjibu kwamba siku binamu huyo akifa, watambandikia picha ya Rebeka.

"Mimi sikubali," Rebeka alisema kutoka upande wa pili wa chumba. "Mimi mzuri zaidi."

Mwishoni mwa Juni Odeta aliupeleka ubao kwa fundi wa fremu wa mtaa wa pili. Fundi aling'oa misumari midogo ya nyuma na kuondoa karatasi iliyokuwa imegeuka kahawia. Chini yake kulikuwa na maandishi ya penseli, yamenyooka vizuri: *17. Nakala ya 9. Mama aje Alhamisi.*

Fundi wa fremu aliujua mwandiko. Ulikuwa wa karakana ya Nathaniel, mchoraji wa mabango aliyekuwa Igogo tangu miaka ya sitini, ambaye watu wa kabla ya picha za rangi walimpelekea picha ndogo za vitambulisho awakuzie kwa brashi. Nathaniel alikufa zamani. Msaidizi wake, mzee Obedi, yupo, ila wakati huo alikuwa Nansio, Ukerewe, kwa binti yake, na asingerudi mpaka Agosti. Odeta alipewa namba ya simu. Alipiga mara nne. Mara zote nne mzee Obedi alipokea, akasikiliza kwa heshima, akasema "sawasawa, sawasawa," akakata.

"Sikio lake moja limechoka," fundi wa fremu alieleza. "Na hilo lingine ndilo halishiki simu."

Neno *nakala* lilithibitisha alichokiogopa Odeta. Lakini maneno matatu yaliyofuata yalimkaa kichwani, na aliyafikiri kama fundi. Mteja akikuletea gauni lake na kusema nishonee jingine kama hili, unalilaza mezani, unalifuatisha, unamaliza. Humwiti kuja kupimwa. Kipimo kiko mezani. Sasa kama Nathaniel alikuwa ananakili ubao namba 9, na ubao namba 9 uko mbele yake, huyo mama wa Alhamisi alikuwa anaitiwa nini?

Tarehe 19 Julai, siku ya Jumamosi, Odeta na Truphosa walipanda basi la asubuhi kwenda Shirati. Ubao ulisafiri umefungwa kwa vitenge viwili na Odeta alikataa uwekwe kwenye buti. Okech aliwapokea barabarani na baiskeli. Ni mwanamume mrefu wa miaka sabini, mvuvi aliyestaafu, na alimsalimia mgeni kwa kumwomba radhi.

"Shemeji, hapa kwetu hatuna michembe, vile viazi vyenu vya kukausha. Utavumilia sato."

"Nitavumilia," Odeta alisema. "Na shemeji nimekuwa lini?"

"Kama babu yangu ndiye baba yako, wewe ni shangazi yangu. Nimeona ushemeji ni nafuu."

Sebuleni waliegemeza mbao mbili kwenye kochi, bega kwa bega. Watoto wa jirani waliochungulia mlangoni walisema ni pacha. Kwa mbali ilikuwa hivyo. Odeta alipiga magoti mbele ya kochi, akavua futi shingoni, akaanza kupima, na Truphosa akaandika kwenye karatasi.

Urefu na upana wa mbao: sawa. Koti: sawa hadi kifungo. Shingo: ya Odeta nene zaidi kwa sentimita moja. Sikio la kushoto: la Ojuok sentimita sita na nusu, la Odeta tano kasoro kidogo. Macho: ya Odeta yamekaribiana zaidi.

"Mchoraji alikosea vipimo," Okech alisema.

"Alipata koti lote na kifungo chake kinachoning'inia, akakosea masikio?"

Juu ya nyusi ya kulia, katika ubao wa Odeta, kulikuwa na mstari wa rangi hafifu, mfupi kuliko kucha. Alikuwa ameuona maisha yake yote na kuuhesabu kuwa ni ufa wa rangi. Sasa aliusogelea kwa tochi ya simu. Haukuwa ufa. Ulikuwa umechorwa: brashi nyembamba, rangi mbili, kivuli upande mmoja. Ubao wa Ojuok, mahali hapohapo, ulikuwa laini.

"Mzee Ojuok alikuwa na kovu usoni?"

"Babu?" Truphosa alisema. "Babu alikuwa karani wa mizigo kwenye meli, si bondia. Uso wake ulikuwa laini kama sahani."

Mwisho walifika mdomoni. Ufizi wa Ojuok ulikuwa mtupu kutoka pembe hadi pembe, meno yote sita hayapo, kama desturi ilivyotaka. Ule wa ubao wa Odeta ulikuwa mtupu vilevile, isipokuwa kwenye pembe ya kushoto, ambako kulikuwa na tone jeupe. Rebeka alishawahi kulisugua kwa kitambaa akidhani ni chokaa ya ukutani. Odeta aliliwekea tochi. Lilikuwa na umbo, lilikuwa na kivuli, na lilisimama kwenye ufizi.

Lilikuwa jino.

Okech alichuchumaa akatazama, akaenda kuchukua miwani, akatazama tena. "Wazee wetu hawakubakiza," alisema. "Aliyekung'oa alikung'oa yote. Mtu wa kubakiza moja angechekwa mpaka kaburini."

"Ng'ombe anaweza kubakiza," Odeta alisema.

Kisha Okech alimwita mkewe alete chakula, maana, alisema, jambo hili sasa haliwezi kuendelea bila samaki. Odeta alikula sato wawili. Alilala hapo, akarudi Mwanza siku ya pili na karatasi ya vipimo ndani ya pochi. Alichokuwa nacho ni orodha ya tofauti. Nani aliyezitaka, na kwa nini, hakuna ubao uliosema.

Mzee Obedi alirudi kutoka Nansio wiki ya kwanza ya Agosti. Ana miaka sabini na sita, na mpaka miaka mitano iliyopita aliandika majina kwenye mitumbwi ya Igogo. Odeta alikwenda na Truphosa, ubao ukiwa kwenye vitenge vyake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nyie ndio mlionipigia habari ya kisima?"

"Habari ya picha, mzee," Odeta alisema kwa sauti kubwa, na kufungua kitenge.

Mzee Obedi hakuhitaji miwani wala muda. "Huyu nilimchora mimi," alisema. "Huyu alinichosha. Mama yake yuko wapi? Yule mama wa Nyanguge."

"Mama wa picha au mama yangu?"

"Mama aliyekuwa anakataa."

Alichokisimulia mzee Obedi mchana huo kilichukua karibu saa mbili, na katikati yake alisimama mara kwa mara kwenda kukemea kuku. Kiini chake ni hiki. Wateja wengi wa Nathaniel walikuja na picha ndogo. Wachache walikuja bila kitu, kwa kuwa marehemu wao hawakuwahi kupigwa picha. Hao Nathaniel hakuwafukuza. Aliwasimamisha mbele ya ukuta uliokuwa na kazi za watu wengine zilizosubiri kuchukuliwa na kuwauliza: katika hawa, ni nani anayemkaribia? Aliyechaguliwa alinakiliwa, halafu nakala ikarekebishwa kwa maneno ya mfiwa. Karakana iliita kazi hiyo kuazima uso.

Ng'washi alikuja mwaka 1971, baada ya kuuza pamba, na mtoto wa miaka mitatu mkononi.

"Mtoto huyo ni mimi," Odeta alisema.

"Wewe ulikula rangi."

"Rangi?"

"Ya bluu. Tukakunywesha maziwa. Mama yako akasema usijali, huyu ana tumbo la mbuzi."

Truphosa alicheka hadi akashika ukuta. Odeta alitaka habari iendelee.

Ukutani siku hiyo kulikuwa na picha kama kumi na mbili. Namba 9 ilikuwa ya Ojuok, karani wa meli, aliyekuwa ameirudisha itiwe fremu mpya baada ya mchwa kula ile ya kwanza. Ng'washi alizipita zote, akasimama mbele ya hiyo, akaelekeza kidole mdomoni. Kati ya wote pale, ni huyo tu aliyekosa meno ya chini. "Huyu," alisema. "Wengine wote wana meno."

"Kwa hiyo alimchagua kwa pengo," Truphosa alisema polepole.

"Alimchagua kwa pengo. Halafu akaanza kulikataa pengo lenyewe. Siku ya pili alisema ng'ombe alibakiza jino moja pale pembeni, liwekwe. Nathaniel alikasirika, akaniachia mimi. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Akaja Alhamisi, akasema masikio makubwa, mume wangu hakuwa tembo. Nikayapunguza. Akaja Alhamisi nyingine, akasema kovu liko wapi, aliangukia jembe. Nikaweka kovu. Ya nne, akasema shingo, akasema na macho. Mama yako alisema 'si yeye' mara nyingi kuliko mtu aliyeitwa polisi kumtambua mwizi."

"Na koti?" Odeta aliuliza. "Koti la baba hakuna aliyelijua."

"Koti la Nathaniel."

Nathaniel, mzee Obedi alieleza, alikuwa na koti moja. Kila mwanamume aliyechorwa Igogo, karani au mfugaji, alivikwa hilo, kwa kuwa Nathaniel alilivaa mwenyewe, akasimama mbele ya kioo, akalichora jinsi alivyoliona. Kioo kiligeuza vifungo. Hakuna mteja aliyelalamika.

"Kumbe hata babu yangu hakuwa na koti," Truphosa alisema. "Na kwa miaka sitini tumewasimulia watoto kwamba lilitoka Ulaya."

"Lilitoka sokoni, Mwanza mjini," mzee Obedi alisema. "Mkono mmoja ulikuwa mfupi. Ndiyo sababu hatukuchora mikono."

Odeta alikuwa na swali moja lililobaki na aliliuliza karibu sana na sikio lenye nafuu. Alitaka kujua kama picha ilifanana.

"Sijui," mzee Obedi alisema. "Mimi mume wake sikumwona. Aliyemwona ni yeye. Ninachokijua ni Alhamisi ya tano. Alikuja, akaketi, akamtazama. Nikashika brashi nikisubiri anikaripie. Akasema, 'Acha hapo, ukiongeza utamharibu.' Halafu akaanza kuongea naye kwa Kisukuma. Mimi nikiwa pale! Akamwambia, 'Ehee, umerudi, na koti juu!' Akamsema habari ya mashamba, akamsema habari ya dada yake, akamwonyesha mtoto. Nathaniel aliingia akadhani mimi ndiye ninayesemwa."

Odeta aliinama akaanza kufunga vitenge, na ilimchukua muda mrefu kuliko inavyohitajika kufunga vitenge viwili. Truphosa alimwambia mzee Obedi kwamba chai yake ni nzuri, ingawa chai ilikuwa bado haijaletwa.

Kwa mwenye kudai ushahidi, mambo yamesimama hivi. Picha ya kamera ya Ndalahwa haijapatikana, na huenda haikuwahi kuwepo. Ubao namba 17 ni nakala ya ubao namba 9, unaomwonyesha Ojuok, karani wa meli wa Shirati. Mkao wa kichwa, mashavu na paji la uso ni vya Ojuok. Koti ni la Nathaniel. Masikio, macho, shingo, kovu na jino la pembeni vimetoka kwenye kumbukumbu ya mwanamke mmoja, miaka minne baada ya kumzika mumewe, na aliyevichora bado yuko hai na anavitambua. Shangazi wa Odeta, aliyemjua kaka yake vizuri, katika picha nzima alikataa koti peke yake.

Odeta alipoyaeleza hayo kwa binamu zake, yule wa kwenye simu aliuliza kama sasa kwenye kigae waandike majina mawili. Odeta alimwambia ataandikwa yeye kama mfadhili wa saruji, na tangu siku hiyo binamu huyo hajapiga simu.

Kwa fundi wa vigae alikwenda tarehe 22 Agosti. Kwanza alitaka picha ikatwe shingoni ili koti lisionekane, kwa kuwa si haki mtu kulala milele na nguo ya kuazima. Alilala na wazo hilo siku mbili, kisha akarudi kumwambia aliache koti lilivyo. Mama yake ndiye aliyeilipia picha, na koti alikuwa ameliona.

Fundi wa vigae, kijana mchangamfu mwenye kompyuta, alikuwa tayari ameiingiza picha kwenye mashine.

"Mama, vifungo nimeviona vimekaa kike, nikavigeuza. Na hayo meno naweza kumjazia. Bure kabisa. Atatoka safi kama mchungaji."

"Vifungo virudishe," Odeta alisema. "Na ukigusa meno, kigae hicho utakibandika kwako."

"Hata hili jino moja la pembeni nisilisafishe? Linaonekana kama uchafu."

"Hilo hasa."

Kijana alirudisha vifungo. Odeta alisimama nyuma yake hadi akamaliza, akaomba kigae cha mfano, akakipima, akakubali.

Rebeka ameshona vitambaa vya meza za wageni, vyote vya rangi moja, na anasema Odeta amelikagua kila pindo. Gauni la Truphosa lilikwisha mwezi Julai na harusi ilikwenda vizuri. Okech amesema atakuja Nyanguge na ubao namba 9, ili watu wa Magu wamwone mwenye uso, na ameomba aandaliwe michembe.

Kigae kitabandikwa Jumamosi ya tarehe 13 Septemba, baada ya misa ya saa nne. Mzee Obedi naye amealikwa, na atafuatwa Igogo kwa gari saa kumi na mbili asubuhi.